Elimu ya falaki isifungiwe kabatini

Ramadhani yangu ya kwanza mjini Nakuru nilifuturu siku mbili kabla jua halijatua, wala sikujua. Nilikuwa nimepanda bara kwa kazi, na mkobani nilikuwa na karatasi ya nyakati za swala iliyochapishwa Mombasa. Nikaibandika chumbani, na kwa kuwa dirisha langu lilitazama ukuta wa jirani, karatasi ile ndiyo iliyokuwa jua langu. Siku ya tatu nikaenda kufuturu msikitini. Saa ya karatasi ilipotimia nikanyoosha mkono kushika tende. Mzee mmoja tuliyeketi naye jamvi moja akanizuia kwa upole. "Mwanangu," akasema, "hiyo magharibi uliyokuja nayo ni ya Mombasa. Ya huku bado."

Siku mbili zile nilizilipa baada ya Idi. Lakini maneno ya mzee yule hayakunitoka, nikayafanyia hesabu. Mombasa iko karibu na digrii 39.7 mashariki ya Greenwich, na Nakuru iko karibu na digrii 36.1. Kila digrii moja jua hutumia dakika 4 kuivuka, kwa hiyo Nakuru iko nyuma ya Mombasa kwa dakika kama 14. Tena tofauti hiyo ya magharibi haikai mahali pamoja: mwezi wa Juni huzidi dakika 20, na Desemba hushuka hadi kama 8, kwa sababu Mombasa iko kusini zaidi ya ikweta kuliko Nakuru. Haya si mambo ya kustaajabisha. Mzee yule aliyajua bila ya kalamu. Mimi niliyesoma shule ndiye niliyekuwa sijui.

Nimekianza kisa hiki kwa sababu siku hizi karatasi za ukutani zimepungua, na badala yake kila mtu ana simu mfukoni. Simu hujua mahali ulipo, na ikifika wakati huadhini yenyewe. Watu wengi, nami nikiwamo, tumeiamini kama nilivyoiamini karatasi ile. Je, ndugu msomaji, umewahi kuiuliza simu yako imepata wapi saa ya alfajiri?

Nani aliyechagua?

Programu ya simu si malaika. Ni orodha ya maagizo iliyoandikwa na binadamu: chukua tarehe, chukua mahali, tazama jua liko digrii ngapi chini ya upeo, kisha toa saa. Alfajiri huingia jua likiwa bado chini ya upeo wa mashariki kwa kiasi fulani, na kiasi hicho ndicho wataalamu walichohitilafiana. Misri hutumia digrii 19 na nusu. Hesabu ya Rabita ya Makka ni digrii 18. Jumuiya ya Waislamu wa Amerika ya Kaskazini hutumia digrii 15. Hapa kwetu karibu na ikweta, ambako jua huchomoza na kuzama karibu wima, tofauti baina ya digrii 15 na 18 ni dakika 12 au 13. Mwenye simu ya 15 ataendelea kula daku hali jirani yake wa 18 amekwisha kufunga kinywa, na kila mmoja atadhani mwenzake amekosea.

Sasa swali langu ni hili: nani aliyekuchagulia? Ikiwa maagizo ya programu yako yamefungwa, huwezi kujua. Aliyeiandika amekuuzia pilau na kukuficha viungo. Hata angekuwa mtu mwema asiyekusudia baya, akikosea nambari moja hapana wa kumkosoa, kwa sababu hapana awezaye kuyasoma maandishi yake. Lakini ikiwa maagizo yako wazi, maalimu anayejua falaki na kijana anayejua kompyuta wanaweza kuketi pamoja, wakayasoma mstari kwa mstari, na kosa likionekana likatengenezwa siku ileile. Programu ya namna hii huitwa programu huria, na wanafalaki wa dunia ya leo wameipa nafasi kubwa katika kazi zao. Nasema wanafalaki, sisemi wanajimu wa kupiga ramli na kuwasomea watu nyota zao.

Kwa miaka mingi wanafalaki nao walikuwa kila mtu na lwake. Wa chuo hiki aliandika programu ya kugeuza tarehe na saa, wa chuo kile akaandika hiyohiyo upya, na wa tatu akazirudia zote mbili pamoja na makosa yake. Mwaka 2011 baadhi yao waliona kuwa hii ni kazi ya kuchota maji kwa pakacha, wakaanzisha mkusanyo mmoja wa programu za falaki walioupa jina la Astropy, ulioandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Mwaka 2013 wakautangaza katika jarida la wataalamu. Mwaka 2015 wakakusanyika mjini Leiden, Uholanzi, katika mkutano uliohusu kazi hiyo peke yake, na mikutano ya namna hiyo imeendelea.

Mikutano yenyewe si ya hotuba na kupiga picha tu. Mtu husimama akaeleza alichokiandika na pale kilipomshinda. Kisha washiriki huulizana ni jambo gani linalowasumbua, wakagawana makundi, wakaketi mbele ya kompyuta zao. Jioni kosa lililomkosesha mtu usingizi miezi mitatu linakuwa limetengenezwa na wenzake wawili aliojuana nao asubuhi, na marekebisho hayo kesho yake yanamfaa kila mtu, awe Leiden au Lamu. Tarehe 10 Aprili 2019 dunia ilipoonyeshwa picha ya kwanza ya shimo jeusi, lililo katikati ya kundi la nyota liitwalo M87, kazi ile ilitegemea programu huria nyingi ambazo mtu yeyote anaweza kuzichukua bila ya malipo, na wenyewe nao waliweka wazi programu walizoundia picha ile.

Kisima cha wakfu

Kwetu sisi watu wa Mwambao jambo hili halipaswi kuwa geni. Mtu akichimba kisima na kukiweka wakfu, hawezi kesho kusimama mlangoni akatoza watu kwa kila ndoo. Anayepita hunywa, na kuta zikibomoka aliyejaaliwa hutengeneza, na utengenezaji wake huwafaa wote. Waandishi wa programu huria nao huweka masharti yao kwa maandishi. Wengine husema: chukua, itumie upendavyo, hata ukitaka kuiuza, ila usilifute jina langu. Mmarekani Richard Stallman, aliyeanzisha mradi wa GNU mwaka 1983, alifuata sharti lililo zito zaidi: ukiibadilisha kisha ukaigawa, nawe uigawe wazi kama ulivyoipata.

Mtu atauliza, na swali lake ni la haki: kitu kilicho wazi kwa kila mtu, si kila mtu atakivuruga? Jibu ni hapana. Kila mradi wa namna hii una daftari linalohifadhi habari za kila mstari: nani aliuandika, siku gani, na kwa sababu gani. Mgeni akileta mabadiliko hayaingizwi mpaka wajuzi wayasome na kuyapima. Aliyesoma hadithi za Mtume ataitambua desturi hii ya kuuliza neno limetoka kwa nani na likapitia kwa nani. Sisemi kuwa mambo haya mawili ni daraja moja, hasha. Nasema tu kwamba umma uliofundishwa kuuliza isnadi ndio uliopaswa kuwa wa mwanzo kuikataa programu isiyo na isnadi.

Tulikuwa nayo

Tena wazee wetu katika elimu hii hawakuficha. Abdurrahmani as-Sufi alikamilisha kitabu chake cha nyota mwaka 964, akazichora na kuzipima upya zile walizozirithi kwa Wayunani, na akasema wazi walipokosea. Mwaka 1259 Nasiruddin at-Tusi alianza kujenga kituo cha kutazamia nyota huko Maragha. Huko Samarkand, Ulugh Beg na wenzake walitoa mwaka 1437 jedwali la nyota zaidi ya 1,000. Majedwali hayo yaliitwa zij, na kazi yake ilikuwa ileile ya programu za leo: mtu wa mbali ayachukue, atie tarehe na mahali pake, apate jibu. Yalinakiliwa, yakasahihishwa, yakanakiliwa tena. Ndiyo maana hata leo Mzungu akitaja Aldebaran, Altair au Vega anasema Kiarabu bila ya kujijua.

Na huku pwani? Manahodha wetu walikuwa na mwaka wao wa jua ulioanzia Nairuzi, wakauhesabu kwa miongo ya siku kumikumi, wakajua kwa hesabu hiyo lini kaskazi itaanza na lini kusi itafunga bahari. Wakulima walitazama kilimia, wakasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nyota ya Suhaili iliwaonyesha njia wasafiri wa baharini. Ahmad bin Majid, bingwa wa bahari wa karne ya 15, aliyaandika katika vitabu yale ambayo marubani wengi waliyabeba vifuani, na kwa sababu aliyaandika bado tunayo.

Wengine hawakuandika, au waliandika wakafungia. Babu yangu mzaa mama alikuwa na kitabu cha mkono chenye hesabu za miongo, nyakati na mianya ya miamba. Alikiweka katika kasha, na ufunguo aliuvaa shingoni. Alikuwa amemchagua mtu mmoja wa kumrithisha, na mtu huyo akatangulia mbele ya haki. Babu naye alipofariki tukalifungua kasha lile. Mchwa walikuwa wametutangulia. Majalada yalikuwa mazima, katikati kumebaki vumbi na vipande visivyozidi ukubwa wa kucha. Simlaumu marehemu, kwani zama zake elimu ililindwa kama mali, na huenda alikuwa na sababu zake za kuwaogopa wasiostahili. Lakini kila nikisikia mtu akisifu siri katika elimu, nalikumbuka kasha lile.

Malindi na Longonot

Mwaka 1970 mambo mawili yalitokea nchini Kenya ambayo yafaa tuyaweke pamoja. Karibu na Mlima Longonot, katika Bonde la Ufa upande wa Naivasha, kilifunguliwa kituo cha mawasiliano ya satelaiti chenye sahani kubwa ya kupokea mawimbi kutoka angani. Na tarehe 12 Desemba mwaka huohuo, kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi, Wataliani wakishirikiana na Wamarekani walirusha satelaiti ya kwanza duniani iliyoundwa kwa ajili ya falaki ya miali ya eksirei peke yake. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya saba ya uhuru wa Kenya, wakaiita Uhuru.

Satelaiti ile ilifanya makubwa. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya miali hiyo angani, na ilisaidia kuthibitisha dhana ya kuwa mashimo meusi yapo kweli. Mkuu wa wanasayansi wake, Riccardo Giacconi, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Hata leo wanafalaki wa Japani na Brazili huzitaja baadhi ya nyota kwa herufi 4U, na U hiyo ni ya Uhuru, neno la Kiswahili. Ilirushwa kutoka bahari yetu, kwa jina letu. Lakini ni watoto wangapi wa Malindi waliofundishwa kuisoma orodha ile? Tulikuwa wenyeji wa harusi tusioalikwa kula.

Sahani ya Longonot nayo ilikuja kupunguziwa kazi. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa, mmojawapo ukitokea Fujairah katika Ghuba, na mawasiliano yakahamia huko. Wataalamu wakaja na fikra njema: sahani kuukuu za simu zinaweza kugeuzwa kuwa darubini za redio, na darubini zilizo mbalimbali zikiunganishwa huona kana kwamba ni darubini moja kubwa. Ghana iliifanya kazi hiyo huko Kuntunse, na darubini yake ikazinduliwa mwaka 2017. Kenya ni miongoni mwa nchi nane zinazoshirikiana na Afrika Kusini katika mpango wa darubini kuu ya redio, na Longonot imetajwa kwa miaka mingi kuwa ndiyo itakayofuata njia ya Kuntunse. Vijana wa Kenya wamekuwa wakifundishwa falaki ya redio katika mpango uitwao DARA, unaogharimiwa na Uingereza.

Rai yangu ni kwamba tusingoje chuma kigeuzwe ndipo tuanze. Darubini bila ya watu wa kuyasoma yanayotoka ndani yake ni sufuria bila ya mpishi. Programu za kuyasoma zipo tayari, ziko wazi, na hazina bei. Mwezi wa Agosti 2024 mkutano mkuu wa wanafalaki wa dunia ulifanyika Cape Town, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuja Afrika. Basi na mikutano hii midogo ya kuandika programu kwa pamoja ije Bonde la Ufa. Naivasha imezoea wageni. Hata mapatano ya amani ya Sudan yalijadiliwa huko kabla ya kutiwa saini Januari 2005. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, karibu na mji wa Nakuru. Na mbingu yenyewe ni ya kuonewa wivu. Simama ukingoni mwa shimo la Menengai usiku wa mwezi wa Mei, mawingu yakifunguka kiasi cha saa tatu, utauona Msalaba wa Kusini mkono huu na Dubu Mkubwa mkono huu, vyote viwili kwa wakati mmoja. Mtu wa London hauoni huo wa kwanza, na mtu wa Cape Town humwona huyo wa pili kwa shida.

Wasemayo wapingao

Wako watakaosema kuwa tuna njaa na karo za shule, nyota zitatusaidia nini? Nawajibu kuwa kijana aliyejifunza kuchambua mawimbi ya nyota amejifunza kuchambua mawimbi ya simu, picha za mvua na hesabu za benki. Elimu ni ileile, kitu kinachotazamwa ndicho kilichobadilika.

Wengine watasema mlango kuwa wazi haumsaidii asiyekuwa na miguu. Hoja hii ni nzito zaidi, nami naikubali nusu. Programu hizi ni wazi, lakini maelezo yake mengi ni kwa Kiingereza. Kompyuta zina bei, umeme hukatika. Hata huko Ulaya na Marekani wanaozitengeneza hufanya sehemu kubwa ya kazi bila ya ujira. Mwaka 2016 baadhi ya wanafalaki waliandika makala kulalamika kuwa taaluma nzima inaegemea Astropy na hapana anayetaka kuilipia. Kisima cha wakfu nacho kisipopata wa kukifagia huingia matope. Kwa hiyo siombi uwazi mtupu. Naomba vyuo vyetu viwahesabie vijana programu wanazoandika kuwa ni kazi ya elimu kama makala, na matajiri wetu wanaojenga vizuri misikiti wakumbuke pia kompyuta za madrasa.

Na mkutano huo ukija, wasialikwe wenye shahada peke yao. Waitwe walimu wa falaki wa Lamu, Mombasa na Unguja, waketi na vijana wa kompyuta. Wapate kazi tatu. Ya kwanza, waandike programu ya nyakati za swala za miji yetu iliyo wazi, itakayomwambia mtumiaji waziwazi ni digrii ngapi inazotumia na kwa kauli ya nani. Ya pili, wakusanye majina ya Kiswahili ya nyota na hesabu za miongo kabla mchwa hawajamaliza makasha yaliyobaki. Ya tatu, waweke wazi hesabu za mwezi mwandamo: jioni fulani, mji fulani, mwezi utakuwa juu ya upeo kwa dakika ngapi baada ya jua kutua. Hesabu hiyo haitamaliza hitilafu ya wafuatao mwezi wa hapa na wafuatao wa mbali. Hilo ni la masheikh, nami si mtu wa kutoa fatwa. Lakini itatuondolea ugomvi mmoja, ule wa kubishania mwezi ambao jioni ile ulikuwa umekwisha kuzama kabla ya jua.

Mzee wa Nakuru aliyenizuia mkono hakuwa na darubini wala kompyuta. Alikuwa na elimu ndogo iliyo sahihi, na alipomwona mgeni anakosea, akampa papo hapo bila ya kumtoza na bila ya kumficha. Nami tangu siku ile simu yangu nimeiuliza. Ilikuwa imewekwa digrii 15, na hapana aliyenishauri. Nenda nawe ukaiulize yako.